Wakfu, fedha za wiski na kodi ya majengo: halmashauri za England zilivyoingia katika shule za zamani

Chukua daftari la hesabu la shule ya sekondari katika mji wa kawaida wa England mwaka 1910, usome upande wa mapato. Mstari wa kwanza ni pango la mashamba na nyumba zilizoachwa na mtu aliyekufa karne tatu na nusu kabla. Wa pili ni ada za wazazi. Wa tatu ni ruzuku ya Bodi ya Elimu, idara ya serikali kuu iliyoko London, na wa nne ni hundi ya halmashauri ya kaunti, inayotokana na kodi ya majengo wanayolipa wakazi wa eneo hilo. Shule ni moja, na wenye usemi ndani yake ni wanne. Ni ya nani, basi?

Kisheria jibu ni jepesi: ya wadhamini, kama ilivyokuwa tangu mwanzo. Hakuna halmashauri iliyokwenda kuwanyang'anya funguo. Hata hivyo, katika miaka kama thelathini hivi, shule nyingi za aina hiyo ziliingia mikononi mwa serikali za mitaa kwa kiasi ambacho waanzilishi wake wasingekiamini. Mlango ulifunguliwa na fedha, na fedha hizo zilitolewa kidogo kidogo, kila awamu na masharti yake.

Nazungumzia England peke yake. Scotland ilikuwa na sheria zake, na Wales iliwekewa utaratibu wa shule za kaunti tangu 1889, mapema kuliko jirani yake mkubwa.

Msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja hahitaji kufundishwa wakfu ni nini: mtu anafunga mali yake, nyumba au shamba la minazi, isiuzwe wala kurithiwa, na pato lake liende kwenye jambo la kheri daima. Shule kongwe za England zilisimama juu ya jambo linalofanana sana na hilo. Agnes Mellers, mjane wa Nottingham, alianzisha shule mwaka 1513. Miaka miwili baadaye, Askofu Hugh Oldham alianzisha ya Manchester, na pato lake likawa linatoka kwenye vinu vya kusagia nafaka kando ya mto Irk. Vinu hivyo vilikuwa na haki ya kuwalazimisha wakazi wa mji wasage humo tu, kwa hiyo kwa muda mrefu kila aliyekula mkate Manchester aliichangia shule, apende asipende. Wafanyabiashara wa sufu, maaskofu na wafalme walifanya hivyo hivyo nchi nzima. Tume ya Taunton, iliyoundwa na serikali kuzichunguza shule hizi na kufanya kazi kati ya 1864 na 1868, ilipita katika shule za wakfu zinazokaribia 800.

Iliyoyakuta hayakupendeza. Katika mji mdogo wa Thame, Oxfordshire, iliwakuta walimu wawili wanaolipwa na wakfu na mwanafunzi mmoja. Mmoja, ndiyo. Walimu hawakuwa wanavunja sheria, kwa sababu hati ya wakfu iliwahakikishia mshahara bila kuwadai wanafunzi. Kwingine tatizo lilikuwa masomo. Mwaka 1805, katika kesi ya shule ya Leeds, Lord Eldon, aliyekuwa Lord Chancellor, mkuu wa mahakama iliyosimamia mambo ya wakfu, alisema kwamba shule iliyoanzishwa kufundisha sarufi ni shule ya Kilatini na Kigiriki, na fedha zake haziwezi kugeuzwa kulipia Kifaransa na Kijerumani kwa sababu tu wafanyabiashara wa mji wanavihitaji. Hati ni hati. Bunge lililegeza kamba hiyo mwaka 1840, lakini polepole mno. Na mali yenyewe haikugawanyika kwa kufuata mahitaji: kijiji kingeweza kuwa na wakfu mnono kwa sababu tajiri fulani alizaliwa hapo mwaka 1550, huku mji wa viwanda uliochipuka juzi, wenye maelfu ya watoto, ukikosa hata senti.

Kwa hiyo ikaja Sheria ya Shule za Wakfu ya 1869. Makamishna walipewa nguvu ya kuandika upya hati za kale, kuunganisha wakfu dhaifu, kubadilisha wajumbe wa bodi na kuruhusu masomo mapya. Kazi hiyo ilihamia Tume ya Hisani mwaka 1874. Kuna jambo moja katika mageuzi hayo ambalo husahaulika, nami naona ndilo kiini cha kisa chote. Hati nyingi za zamani zilisema watoto wa mji wafundishwe bure. Makamishna hawakupenda. Waliona elimu ya bure kwa kila anayekuja ni upotevu, kwamba inajaza shule watoto wasio na nia, na kwamba mzazi asiyelipa hajali. Wakaingiza ada karibu kila mahali, na nafasi za bure zikabaki kwa wachache watakaoshinda mtihani. Kwa wahasibu ulikuwa mpango mzuri. Fundi viatu ambaye babu yake alisoma hapo bila kulipa alikuta mlango umewekewa bei.

Ada hizo zilihitajika, maana pigo jingine lilikuwa linakuja kutoka mbali. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870, ngano ya Marekani, iliyosafirishwa kwa reli na meli za mvuke, ilimiminika Uingereza kwa bei ambayo mkulima wa Kiingereza hakuiweza. Wapangaji wa mashamba wakaomba kupunguziwa pango, wengine wakaondoka. Shule iliyoishi kwa pango la mashamba ikaona pato lake likipungua mwaka hadi mwaka, wakati ule ule wazazi wakidai maabara na walimu wa sayansi. Mali iliyotarajiwa kudumu milele ilikuwa inayeyuka.

Hapo ndipo halmashauri zinapoingia, na zinaingia kwa mlango wa ajabu kabisa: baa.

Halmashauri za kaunti ziliundwa na sheria ya 1888. Mwaka uliofuata ziliruhusiwa kutoza kodi ndogo, isiyozidi peni moja kwa kila pauni ya thamani ya jengo, kwa ajili ya elimu ya ufundi. Ni chache zilizokimbilia kutoza. Kisha, mwaka 1890, Waziri wa Fedha George Goschen alipandisha ushuru wa bia na pombe kali ili apate fedha za kuwafidia wenye baa ambao leseni zao zingefutwa. Watu wa kampeni dhidi ya ulevi walipiga kelele: kumlipa fidia muuza pombe ni kumtambua kuwa ana haki. Mpango wa fidia ukaanguka, lakini ushuru ulikuwa umeshaanza kukusanywa. Mbunge Arthur Acland akapendekeza fedha hizo ziende kwenye elimu ya ufundi, na serikali, iliyokuwa inatafuta pa kuzitupia, ikakubali. Halmashauri zikapewa hiari: zifundishie, au zipunguzie kodi za wananchi. Nyingi zilichagua kufundishia. Ndivyo England ilivyopata kile ambacho watu walikiita kwa miaka mingi fedha za wiski.

Fedha hizi zilikuja na mipaka miwili. Kwanza, ziliruhusiwa kwa elimu ya ufundi na masomo yanayohusiana nayo tu, hasa sayansi na sanaa. Shule ya wakfu ingeweza kujengewa maabara ya kemia na halmashauri, lakini si kulipiwa mwalimu wa Kilatini. Pili, na hili lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana, sheria ya 1889 ilisema pale halmashauri inapoisaidia shule isiyo yake, iwe na wawakilishi kwenye bodi kwa kadiri ya mchango wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wadhamini waliotaka meza za maabara walisogeza viti vyao, na diwani wa kwanza akaketi.

Njia nyingine ilikuwa kumlipia mwanafunzi badala ya kuilipa shule. Mwaka 1898 mtoto wa mchimba makaa kutoka Eastwood alishinda ufadhili wa Halmashauri ya Kaunti ya Nottinghamshire, akawa anapanda treni kila siku kwenda kusoma katika ile shule ya Agnes Mellers. Baadaye alikuwa mwandishi anayejulikana dunia nzima: D. H. Lawrence. London nako, bodi ya elimu ya ufundi ya halmashauri, iliyoanza 1893 chini ya uenyekiti wa Sidney Webb, ilijenga ngazi ndefu ya ufadhili wa namna hiyo. Hapa wakfu unabaki na jengo, halmashauri inabaki na mtoto, na kila upande unadai sifa.

Wakati huo huo kulikuwa na mshindani. Bodi za shule, zilizochaguliwa na wananchi tangu sheria ya 1870 kuendesha shule za msingi, zilikuwa zimeanza kuongeza madarasa ya juu, na katika miji ya kaskazini baadhi ya madarasa hayo yalikuwa sekondari kwa kila kitu isipokuwa jina. Wakuu wa shule za wakfu waliziona kama mtu aliyefungua duka la bei rahisi mbele ya duka lao. Mkaguzi wa hesabu aliyeitwa Cockerton alipofuatwa na malalamiko, alikagua matumizi ya Bodi ya Shule ya London na kuyakataa: kodi ya elimu ya msingi haiwezi kulipia elimu isiyo ya msingi. Mahakama ilimuunga mkono, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 1901. Ghafla madarasa mengi yakawa hayana uhalali. Serikali ililazimika kutunga sheria mpya, na kusema kweli baadhi ya maofisa wake, Robert Morant akiwa mbele, hawakusikitika hata kidogo.

Sheria ya Elimu ya 1902, ya Waziri Mkuu Arthur Balfour, ilizifuta bodi za shule na kukabidhi elimu kwa halmashauri za kaunti na za miji mikubwa. Kuhusu sekondari, maneno ya sheria yalikuwa ya tahadhari sana. Halmashauri ilitakiwa kufikiria mahitaji ya elimu ya eneo lake na kuchukua hatua itakazoona zinafaa, kwa kushauriana na Bodi ya Elimu, ili kutoa elimu hiyo au kusaidia itolewe. Kufikiria ilikuwa lazima. Kujenga au kulipa kuliachwa kwa busara yake. Fedha za wiski sasa zilipaswa kwenda kwenye elimu, hazikuweza tena kupunguzia kodi, na juu yake kaunti iliruhusiwa kutoza hadi peni 2 kwa kila pauni. Kupita hapo ilihitaji idhini ya London. Miji mikubwa haikuwekewa kikomo.

Peni 2 ni kiasi gani? Kodi hii ilipigwa juu ya thamani ya pango la jengo kwa mwaka. Mkazi wa nyumba iliyokadiriwa pauni 15 angelipa peni 30, yaani shilingi 2 na peni 6 kwa mwaka mzima (wakati huo shilingi ilikuwa peni 12, na pauni shilingi 20). Haikuwa fedha ya kumfukarisha mtu, lakini ilikuja juu ya kodi ya barabara, ya maskini, ya polisi na ya shule za msingi, katika karatasi ile ile ya madai. Na madiwani wa kaunti, wengi wao wenye mashamba, walikuwa ndio walipaji wakubwa. Ndiyo maana kaunti ya wakulima ilisita pale ambapo mji wa viwanda haukusita.

Halmashauri yenye fedha chache na kazi kubwa ilikuwa na sababu nzuri ya kuzipenda shule za wakfu. Kujenga shule mpya kulidai kiwanja, mkopo na walimu. Ile ya zamani ilikuwa na jengo, jina, uwanja wa kriketi na pato lake dogo. Kuongezea pauni mia mbili kwa mwaka ilikuwa nafuu kubwa. Kwa hiyo maafikiano ya kila aina yalizaliwa. Kuna wadhamini waliochoka wakakabidhi shule nzima kwa halmashauri. Wengine walibaki na bodi yao na kupokea ruzuku ya kila mwaka, huku madiwani wakiongezeka mezani kadiri hundi ilivyonona. Wapo waliochukua ruzuku ya Bodi ya Elimu ya London na kuikwepa halmashauri kabisa, kwa hoja kwamba ofisa wa mbali anasumbua kidogo kuliko diwani wa jirani. Eton, Winchester na wenzao wenye mali nyingi hawakuchukua chochote kutoka kwa yeyote.

Mabishano kwenye meza hizo hayakuwa ya elimu tu. Bodi ya wakfu mara nyingi ilikuwa na kasisi wa Kianglikana, mwenye mashamba wa eneo hilo na wakili. Diwani aliyekuja na hundi angeweza kuwa muuza duka wa dhehebu la Kibaptisti au Kimethodisti. Na dini ndiyo iliyochafua hewa zaidi mwaka 1902. Waprotestanti wasio Waanglikana, wakiongozwa na Mchungaji John Clifford, walikataa kulipa sehemu ya kodi iliyokwenda kwenye shule za kanisa, na wengi walikamatiwa vyombo vya nyumbani vikapigwa mnada. Vita hivyo vilihusu hasa shule za msingi, lakini moshi wake ulifika sekondari: hati kadhaa za wakfu zilisema mwalimu mkuu awe Mwanglikana, na mlipa kodi wa Kibaptisti aliuliza kwa nini alipie kazi asiyoruhusiwa kuiomba.

Jibu lilikuja na serikali ya Waliberali. Mwaka 1907, Reginald McKenna akiwa mkuu wa Bodi ya Elimu, kanuni za ruzuku zilibadilishwa, na hapa ndipo mtu anapopaswa kutulia na kupiga hesabu, kwa sababu siasa yote imefichwa ndani ya namba mbili. Shule iliyokubali masharti mapya ingepata pauni 5 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa umri wa miaka 12 hadi 18. Iliyokuwa tayari kwenye orodha lakini ikakataa masharti ingebaki na pauni 2 na shilingi 10, nusu kamili. Masharti: wajumbe walio wengi kwenye bodi wawakilishe mamlaka za umma za eneo, kusiwe na sharti la dhehebu kwa walimu na wajumbe, mafundisho ya dhehebu fulani yatolewe tu pale mzazi alipoomba kwa maandishi, na robo ya nafasi, ikikadiriwa kwa idadi ya waliopokelewa mwaka uliotangulia, itolewe bure kwa watoto kutoka shule za msingi za umma.

Tubuni shule ya wanafunzi 120, wote wa umri unaostahili, wanaolipa ada ya pauni 8. Ikikataa masharti inapata ruzuku ya pauni 300. Ikikubali inapata 600. Nafasi za bure zikishajaa madarasa yote, wanafunzi 30 hawalipi ada, na shule inakosa pauni 240. Imebaki na faida ya pauni 60, na kila mtoto wa bure anaiingizia pauni zake 5 kama mwingine yeyote. Kwa shule ya ada ndogo, jibu lilijileta lenyewe. Kwa shule ya ada kubwa, tuseme pauni 15, hesabu inageuka: hasara ya ada ni 450 dhidi ya nyongeza ya 300. Kwa hiyo kanuni hizi zilizivuta shule za tabaka la kati la chini na kuziacha za matajiri zilipo. Sijui kama McKenna alipiga hesabu hiyo kwa makusudi, lakini mgawanyiko uliotokea unaifuata.

Kulikuwa na kijidirisha. Bodi ya Elimu iliweza kusamehe baadhi ya masharti kama halmashauri ingethibitisha kwamba shule hiyo inahitajika katika eneo lake. Angalia anayeshika ufunguo hapo. Shule ya Kikatoliki au ya Kianglikana iliyotaka kulinda hati yake ilibidi iende kuomba neno zuri kwa madiwani wale wale iliowahi kuwakwepa.

Kufikia 1914, shule zaidi ya 1,000 zilikuwa kwenye orodha ya ruzuku, na karibu theluthi moja ya wanafunzi wake walisoma bure. Kumbuka fundi viatu wa 1869. Nafasi ambayo hati ya kale ilimpa mwanawe bila malipo, wanamageuzi waliifuta kwa jina la ufanisi; miaka 38 baadaye umma uliinunua tena, safari hii kwa fedha za kodi na kwa mtihani mgumu wa kuingilia. Mtihani huo ulikuja kuwa jinamizi la kila mtoto wa miaka kumi na moja nchini humo, lakini hiyo ni makala nyingine.

Kwa wasichana hali ilikuwa tofauti, na tofauti yenyewe inafundisha. Waanzilishi wa karne ya 16 hawakuwawazia, kwa hiyo mali ya zamani ya kuwasomesha ilikuwa haba sana. Makamishna wa 1869 waliambiwa wawafikirie pale inapowezekana, na walifanya kiasi. Lakini ni baada ya 1902 ndipo halmashauri zilipoanza kujenga shule za wasichana kwa wingi, na kwa kuwa hakukuwa na wadhamini wa kubembeleza wala hati ya kukwepa, shule hizo zilikuwa za umma tangu tofali la kwanza.

Msomaji wa Afrika Mashariki atautambua mtindo huu. Waraka wa serikali ya Uingereza wa 1925 kuhusu elimu katika makoloni yake ya Afrika ulipendekeza shule za misheni zipewe ruzuku iwapo zitafikia viwango na kukubali kukaguliwa. Mwenye shule anabaki na jina na msalaba wake juu ya paa, serikali inabaki na mkaguzi na kitabu cha hundi.

Huko England kwenyewe, kikomo cha peni 2 kiliondolewa na sheria ya 1918, na serikali kuu ikaanza kubeba karibu nusu ya matumizi ya halmashauri. Hilo liliacha kasoro ambayo kila mhasibu aliiona: shule ya wakfu ingeweza kulipwa na London moja kwa moja, kisha ikalipwa na halmashauri, ambayo nayo ilirudishiwa nusu na London. Mwaka 1926 Bodi ilizitaka shule zichague upande mmoja. Zaidi ya 200 zilichagua London, zikaitwa shule za ruzuku ya moja kwa moja, zile kongwe za miji ya Manchester na Bradford zikiwemo. Nyingine zikabaki na halmashauri, na sheria ya 1944 ilipofuta ada katika sekondari zinazoendeshwa kwa fedha za halmashauri, zikawa za bure kwa wote. Zile zilizochagua ruzuku ya London ziliendelea kutoza ada kwa waliokuwa na uwezo hadi serikali ya chama cha Labour ilipoamua, mwaka 1975, kukata ruzuku hiyo na kuziambia ziingie katika mfumo wa halmashauri au zijitegemee. Manchester, iliyoanza kwa vinu vya mto Irk, iliamua kujitegemea, na Bradford vilevile.